Sahani za kulenga shabaha, na vipande vinavyobaki shambani

Jumapili ya juzi nimeshinda nimeinama kwenye nyasi naokota vipande vya sahani, gunia likajaa kabla ya saa sita mchana na hata nusu ya uwanja sijafika. Hili jambo limenikaa kichwani muda mrefu, leo naliandika.

Kwa asiyejua kazi yangu, mi naendesha mashine ya kurushia sahani kwenye shamba moja huku chini ya Moshi, njia ya kwenda Arusha Chini. Wikiendi wanakuja wenye shotgani na vibali vyao, wanajipanga kwenye mstari, mtu anaita "pul!", nabonyeza, sahani inaruka, anapiga. Raundi moja ni sahani 25. Sahani yenyewe ni kiduara chenye upana wa milimita 110, uzito gramu 105 hivi, rangi ya chungwa juu, imekaa kama kisosi kilichogeuzwa juu chini. Kwa wenzetu inaitwa njiwa wa udongo ila humo ndani udongo hamna. Ni unga wa mawe ya chokaa kama theluthi mbili na inayobaki ni lami, ndo gundi inayoshika ule unga.

Mwaka mzima wa kwanza sikuwahi kuwaza vile vipande vinaenda wapi, kwangu sahani ikipasuka kazi imeisha. Mpaka akaja mama mmoja jirani, shamba lake limepakana na letu upande wa mfereji. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua ndo zinaanza. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitika marahaba, akafungua fundo la kanga akanionyesha vipande vitano vya rangi ya chungwa, vimelainika kingo kwa kuburutwa na maji. "Baba, hivi vitu nguruwe wangu wanavitafuna. Vina nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia nipe siku moja mama nikaulize, na usiku ule nikakaa na simu mpaka chaji ikaisha.

Jamani si kitu cha kuchukulia poa. Madaktari wa mifugo wanalijua hili siku nyingi, nguruwe akila sahani za lami ya makaa ya mawe ini linaharibika na anaweza kufa ghafla. Kwenye hiyo lami kuna kundi la kemikali linaitwa PAH na baadhi yake zinasababisha saratani. Haziyeyuki kirahisi kwenye maji, kwa hiyo zinakaa palepale kwenye udongo miaka na miaka, na mvua ikibeba kipande inabeba na sumu yake. Nikapiga hesabu. Mashindano makubwa mpigaji mmoja anarushiwa sahani 125, hapo ni kilo 13 na zaidi za vipande, na ndani yake lami kilo 4 hivi. Mtu mmoja tu huyo. Na maji ya huku kwetu yanateremka mpaka Nyumba ya Mungu, tunakokula perege wake kila siku.

Kesho yake nikaenda kwa yule mama, nikamwambia awafungie nguruwe bandani mpaka niokote upande wote wa mfereji. Hakusema kitu, akanipa reki yake.

Kuanzia hapo ndo nikaanza kutengeneza zangu, maana unga wa mawe haumdhuru mtu, shida yote iko kwenye gundi, ukibadilisha gundi umebadilisha kila kitu. Ila ugumu wake sasa. Sahani inatakiwa iwe imara na iwe dhaifu kwa wakati mmoja. Mkono wa mashine unaisukuma ghafla kwenye ukingo, inatoka inazunguka kwa kasi, kwenye trapu ya Olimpiki, huu mchezo wa kupiga sahani, inatakiwa iende mita 76, na huko njiani marisau mawili matatu, zile punje ndogo zinazotoka kwenye risasi ya shotgani, yasiyozidi milimita 2.6 yaipasue vizuri mpigaji aone vumbi. Ndo maana ukiikata katikati unakuta ukingo ni mnene na paa lake ni jembamba, ukingo ubebe kishindo cha mashine alafu paa lipasuke.

Nilianza na udongo wa kichuguu maana hapa ndo tunafyatulia matofali. Fundi mmoja wa kukereza chuma pale mjini alinichongea kalibu, nikawa nashindilia kwa jeki ya gari. Nilizokausha juani zikawa zinavunjikia kwenye mkono wa mashine, kati ya 20 zilitoka 7. Nikazichoma kama chungu, zikatoka zote, ila sasa mpigaji anapiga, tunasikia kabisa marisau yamegonga ti! na sahani inaendelea na safari yake, inaanguka nzima. Baadaye nikasoma kumbe Mmarekani mmoja, George Ligowsky wa Cincinnati, alitengeneza sahani za udongo wa kuchoma mwaka 1880 na zilikuwa na ugonjwa huohuo, ngumu kupita kiasi, ndo watu wakahamia kwenye lami. Kabla yake walikuwa wanarusha njiwa hai, na hata Olimpiki ya Paris mwaka 1900 bado njiwa hai walipigwa, kwa hiyo hiyo lami ilivyokuja iliokoa ndege wengi, hilo nalikubali.

Kuna wanaotumia salfa badala ya lami. Inavunjika vizuri lakini bakteria wa kwenye udongo wanaigeuza kuwa asidi, shamba linachachuka, na mi siwezi kumtoa jirani yangu kwenye sumu moja nikamwingiza kwenye nyingine.

Nikahamia kwenye molasesi ya kiwanda cha sukari cha TPC, hii wanayopewa ng'ombe, nikachanganya na vumbi la kokoto, majivu ya pumba za mpunga na uji mzito wa unga wa muhogo. Nashindilia, nakausha taratibu kivulini siku nne, alafu naipaka maji ya chokaa na udongo mwekundu ionekane kwenye anga. Na hii imefanya kazi! Kati ya 20 zimetoka 18, na zikipigwa zinafumuka wingu zuri kuliko hata za dukani. Nilichukua vipande vitatu nikaviacha kwenye ndoo ya udongo chini ya mchirizi wa bati, baada ya mvua ya tatu nilivyochambua nikakuta vumbi la mawe tu.

Ila masika ikaniumbua. Molasesi inavuta unyevu wa hewani, sahani zinalainika zikiwa kwenye boksi kabisa, ukiishika kidole kinaacha alama. Alafu sisimizi. Asubuhi moja nafungua stoo nakuta mstari mweusi umetoka ukutani mpaka kwenye maboksi, sahani ya juu kabisa imetobolewa vitundu vidogo vidogo kama chujio. Nimepoteza sahani 60.

Na niseme ukweli, sahani ni nusu ya tatizo. Kila risasi moja ya mashindano ina gramu 24 za marisau, na mengi ni ya madini ya risasi, kwa hiyo ukipiga mara 125 umemwaga kilo 3 ardhini, na ndege wanayameza wakidhani ni changarawe. Marisau ya chuma yapo na nimeshamwomba bosi, amesema tutaongea. Nitamkumbusha kila mwezi mpaka tuongee.

Kwa sasa akili yangu iko kwenye utomvu wa mipaina. Ukiupika unabaki ukavu unaovunjika kama kioo, maji hauyapendi, na sisimizi hawana cha kula humo. Kule Mafinga, msitu wa Sao Hill, wanaugema. Nahitaji kilo 5 tu za kujaribia kabla mvua za vuli hazijaanza. Kama uko huko au una ndugu huko anitafute, niko tayari kulipia na nauli ya basi mpaka stendi ya Moshi.