Kutoka Lewes mpaka mto Varenne, nikimtafuta mama wa Gundrada

Swali lililonitoa nyumbani ni moja tu, huyu Gundrada mama yake nani. Maana ukifatilia shajara za ukoo wa Warenne, wale Wanormani waliovuka bahari na William, mtawala wa Normandy kaskazini ya Ufaransa aliekuja kua mfalme wa Uingereza, mwaka 1066 wakagaiwa ardhi Uingereza, nyingi zimemuandika Gundrada, mke wa yule William de Warenne wa kwanza, kua ni binti wa mfalme mwenyewe na malkia Matilda, na watu wanakopi ivo ivo mmoja kwa mwingine. Mimi nimelelewa na bibi Tanga, kwake yeye nasaba ni amana, ukikosea mama wa mtu anakurudisha uanze upya. Bas ikanikaa kichwani.

Tukatoka mimi na mdogo wangu anaekaa London, treni ya asubuhi kutoka Victoria, saa moja na dakika kadhaa mko Lewes, mji wa kusini ya Uingereza walipokaa hao kina Warenne. Mji uko mlimani, njia kuu inapanda kweli mpaka pumzi inakata, na ngome yao imekaa juu ya kilima cha udongo uliojazwa na watu, tena vilima vyenyewe viwili, kitu ambacho ni nadra sana kwa ngome za Kinormani. Ukifika juu ya mnara unaona mto Ouse unavyojikunja kuelekea baharini, unaelewa hapo hapo kwanini walijenga hapa, anaekaa hapa kashika njia ya pwani. Mdogo wangu akaniuliza, dada, yaani huku kote kapewa mtu mmoja? Nkamwambia huku ni kipande tu mdogo wangu, daftari la ardhi la mwaka 1086, lile wanaloliita Domesday, linamuonesha ana mashamba kwenye kaunti 13.

Ila mimi mguu ulikua unanivuta bondeni, kwenye monasteri. Mwaka 1077 hivi William na Gundrada waliwaleta watawa wa Cluny, monasteri kubwa ya Ufaransa, ndo ilikua nyumba ya kwanza ya Cluny Uingereza nzima, na ukoo ukawa unazikwa hapo kizazi baada ya kizazi. Mfalme Henry wa 8 alipozifunga monasteri kanisa likavunjwa, sahivi zimebaki kuta kuta tu kwenye majani, mbwa wanakimbia, watoto wanacheza. Halafu 1845 wakaja watu wa reli, wakapitisha njia katikati ya magofu kabisa, na wakati wanachimba wakakuta visanduku viwili vya madini ya risasi vina mifupa, kimoja kimeandikwa Gundrada kingine Willelm. Mume na mke, wamelala jirani miaka yote hiyo.

Leo visanduku viko kanisa la Southover, hatua chache tu kutoka pale. Kuna kijichumba pembeni kimejengwa makusudi kwa ajili yao, na chini sakafuni ndo lipo jiwe la kaburi la Gundrada, marmari nyeusi ya Tournai imechongwa majani na maandishi ya Kilatini, kazi nzuri mno, nlikaa chini karibu yake muda mrefu sikuongea. Jiwe lenyewe lilipotea, likaja kuonekana 1775 kanisa la kijiji cha Isfield limefunika kaburi la mtu mwingine kabisa. Sasa sikiliza maneno yanavyoanza, Stirps Gundrada ducum, yaani Gundrada chipukizi la watawala, watawala wa cheo cha dukes, cheo cha chini ya mfalme, sio wafalme. Kweli babake angekua mfalme wa Uingereza, waliochonga jiwe wangenyamaza? Mi siamini.

Na lipo jengine zito zaidi. Mtoto wa Gundrada, William de Warenne wa pili, mfalme Henry wa 1, mtoto wa yule mfalme William na Matilda, alitaka kumuoza binti yake wa nje ya ndoa, Askofu Mkuu Anselm akamuandikia mfalme akakataza, akasema hawa wana udugu, upande mmoja kizazi cha nne na upande mwingine cha sita. Hebu piga hesabu. Gundrada angekua mtoto wa mfalme William na Matilda basi angekua dada wa Henry tumbo moja, na hao wachumba wawili wangekua watoto wa kaka na dada, Anselm angeachaje udugu wa karibu namna hiyo akahangaike na wa kizazi cha sita? Kwangu mimi hapo kesi imefungwa. Hati iliyokua inamtaja Matilda kama mama yake imeshaonekana ya kughushi.

Kesho yake feri ya Newhaven kwenda Dieppe, upande wa Ufaransa ukoo ulikotoka, masaa manne, upepo mkali. Tukakodi gari tukapita Arques kuelekea Bellencombre, kama kilometa 30, mashamba na ng'ombe na nyumba za mbao na udongo. Ngome ya kina Warenne ilikua hapa, imebaki kilima na kuta kidogo ndani ya miti. Walipoteza huku mwaka 1204 Normandy ilipochukuliwa na mfalme wa Ufaransa, ikawa mtu huwezi kutumikia wafalme wawili, wakabaki na ya Uingereza.

Chini ya kijiji unapita mto Varenne, ndo jina la ukoo lilipotoka, mto mdogo maji safi unaona mawe. Tukakaa ukingoni na karatasi yetu. Nkamuonesha mdogo wangu mwaka 1148, kabaila wa tatu wa ukoo wa Warenne kauawa vita vya msalaba huko Uturuki ya leo, hana mtoto wa kiume, ana Isabel tu, na Isabel alipoolewa mara ya pili na Hamelin, kaka wa mfalme Henry wa 2 kwa baba, ni mume aliechukua jina la mke, na watoto wao wote wakaitwa Warenne mpaka yule wa mwisho aliefariki 1347. Mdogo wangu akafurahi sana na hilo, akalipigia mstari mara mbili.

Halafu akapanda juu ya karatasi kwa Gundrada. Dada, hapa kwa mama niandike nani? Nkamwambia paache wazi, andika kaka zake, Gerbod na Frederick, watu wa Flanders, upande wa Ubelgiji ya leo.