Sumukuvu kwenye mahindi: ninavyofanya huku Newala

Mahindi yakipata sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, wengi hulaumu ghala. Kwa mahindi ya huku uwanda wa Makonde, mimi hutazama Februari kwanza. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na katikati hukatika wiki mbili tatu. Ukame huo ukiyakuta mahindi yanatoa ndevu au yanajaza punje, na joto likavuka nyuzi 30, kuvu la Aspergillus flavus hupata mwanya: hupeperushwa na vumbi, likaingilia kwenye ndevu na matundu ya funza. Mvua ikizidi hadi mavuno, tatizo hugeuka kuwa Fusarium, ukungu wa pinki wenye sumu yake nyingine.

Kwa hiyo sehemu za kichanga zilizosinyaa mapema nazichomekea vijiti vya alama shamba likiwa bado kijani. Mahindi yake nayavuna peke yake, siyachanganyi. Navuna mara punje inapoonyesha kidoa cheusi pale inaposhikia gunzi. Kuyaacha yasimame hadi Julai ni kuyalisha dumuzi.

Kuanika ni juu ya turubai, tabaka la sentimita 3 hadi 5, nikigeuza kila saa. Natandaza umande ukishakauka, nafunika saa kumi jioni, maana mahindi makavu hunywa unyevu wa usiku.

Kupima ukavu natumia chumvi. Chupa kavu, mahindi hadi theluthi, vijiko vitatu vya chumvi. Tikisa dakika mbili, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umepita asilimia 15. Kosa la kawaida ni chumvi yenyewe: ya pwani hii huwa na majimaji na itaganda hata mahindi yakiwa makavu, basi ikaange kwanza kwenye kikaango hadi irushe chembe zake. Na isipoganda, bado naanika siku moja zaidi, kwa sababu nataka asilimia 13.

Kabla ya kupukuchua natupa magunzi yenye unga wa kijani-njano, na baadaye punje zilizovunjika au kusinyaa. Hizo haziendi kwa kuku wala kwenye pombe. Kupika hakuiondoi sumu. Kukoboa huipunguza, ila huhamia kwenye pumba.

Yaliyobaki yanaingia kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, mbali na ukuta. Ya vijitini tunayakoboa na kuyala mwanzo, na pumba zake nazifukia.