Tela la Hema na Jamvi la Ukweni

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya kila Julai, ukikaribia, nyumba ya wakwe zangu Makunduchi, kusini mwa Unguja, hujaa watu mpaka barazani. Kule kukosa mgeni siku ile ni nuksi, na mama mkwe wangu hajawahi kuisogelea nuksi hiyo: wageni wake wanatosha kugawiwa mtaa mzima. Sisi tunaotoka mjini hatuhesabiwi wageni. Ni watu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hulala panapobaki. Mke wangu na mabinti hujibana chumba cha wanawake. Mimi na wavulana wetu wawili hutandikiwa jamvi ukumbini, miguu yetu njiani kwa kila anayetoka kwenda chooni. Miaka kumi na mbili nimelala pale. Ndiyo maana mteja mmoja aliponiambia kwamba Bububu kuna "sanduku lenye magurudumu, ndani eti mna vitanda", linauzwa, nilifunga duka mapema nikaenda.

Lilikuwa tela la hema, limetengenezwa Marekani mwaka 1998, likaja kwa kontena pamoja na vyombo vya nyumba vya familia iliyohamia huku kikazi. Likifungwa ni kasha la kimo cha kifua. Ukizungusha mkono wa winchi paa linapanda, kisha unavuta vitanda viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, vinabaki vimetokeza nje ya kasha kama droo zilizosahauliwa wazi. Turubai linajaza nafasi yote iliyobaki kati ya paa na kasha. Wanalala watu sita. Katikati mna meza, sinki dogo na jiko la gesi.

Mwenyewe alitaka milioni saba. Sikujibu bei. Mzee wa Kipemba aliyekuwa akitunza bustani pale alikuwa ameshaninong'oneza nilipokuwa nampa shikamoo: "Mwanangu, hili limekaa chini ya mwembe huu masika matatu. Usilinunue likiwa limejifunika." Basi nikaomba lifunguliwe.

Winchi ilipozungushwa, pembe tatu za paa zikapanda, ya nne ikabaki chini. Nikasema simama hapo hapo. Tela hizi zina waya mmoja mnene unaotoka kwenye winchi na kugawanyika kwenda pembe zote nne kupitia kapi, vile vigurudumu vya kupitishia waya. Kapi moja ikishika kutu, ukilazimisha unakata waya au unapinda paa. Tuliinua pembe ile kwa mikono, tukaiegemeza kwa mti wa boriti, ndipo harufu ikatoka. Ukungu. Na ukungu wa kisiwani, ambao ukishavuta pumzi moja unajua kuna kitu kimefungwa kikiwa kimaji.

Hapo ndipo kazi yangu iliponisaidia, maana mimi nashona viti vya magari na maturubai. Mtu mwingine angeona yale madoa meusi akakimbia. Mimi nilibana turubai baina ya vidole viwili nikalivuta kwa nguvu, sehemu saba nane, hasa juu kwenye mikunjo. Turubai lililoliwa na jua huchanika kama gazeti la zamani hata kama linang'aa. Hili lilikuwa limekunjwa gizani muda wote, nyuzi zake hai kabisa. Lilikuwa chafu tu, na panya walikuwa wametoboa pembe moja ili wachukue sponji ya godoro wakajengee kwao. Madoa yanaoshwa na tundu linatiwa kiraka, lakini nyuzi zilizokufa hazina dawa.

Turubai lilinipa moyo, sakafu ikaniondolea. Nilichukua bisibisi nikawa nabonyeza mbao za plaiwudi karibu na mlango na kwenye pembe, kwa sababu maji yanayoingia juu huishia huko. Karibu na mlango bisibisi ilizama kama kwenye boflo lililochovywa chai. Matairi nayo yalikuwa na meno mazima, mtu asiyejua angeyasifu. Tazama ubavuni: kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Yale yaliandikwa 0611, yaani wiki ya sita ya mwaka 2011, na ukiyakunja kwa kidole gumba unaona nyufa. Tela husimama zaidi kuliko kutembea, kwa hiyo matairi yake hufa kwa uzee kabla ya kulika.

Niliandika yote kwenye ukurasa wa daftari, nikamsomea mwenyewe bila kumkashifu mtu wala kitu. Siku ya tatu tulikubaliana milioni tatu na laki nane. Kadi ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa, aliyelimiliki kabla yake, nikakataa kutoa hata shilingi mpaka jina lirekebishwe. Ilichukua wiki mbili na safari tano za ofisini. Sitaki hata kuzikumbuka.

Mke wangu alilitazama likiingia uani, akauliza kama nimenunua banda la kuku.

Matengenezo yalichukua miezi miwili, jioni na Ijumaa mchana. Waya wa kupandishia paa ulinishinda, na fundi wa magari alilizunguka mara mbili akasema hajawahi kuona kitu kile. Aliyelielewa ni shemeji yangu, fundi wa mashua. Alilala chini yake akamulika tochi, akacheka. "Hii jarari tu, shemeji. Paa lako ndiyo foromali." Yaani kamba ya kupandishia tanga, na mti unaolibeba tanga lenyewe. Akabadilisha kapi mbili, akapitisha waya mpya usioshika kutu, akatia grisi ya boti. Tangu siku ile pembe zote nne zinapanda sawasawa.

Turubai nililiosha kwa siki iliyochanganywa na maji, kwa brashi laini, nikaliacha juani siku mbili. Jirani alinishauri jiki. Jiki inatoa doa, kweli, lakini inakula nyuzi, na sabuni ya unga inaondoa dawa ya kuzuia maji. Kiraka nilishona kwa sindano namba 18, mishono miwili sambamba. Kisha nikalifungua hema lote nikalimwagia maji kwa mpira nusu saa, likauke, nikarudia tena. Si kwa kupima peke yake: turubai lenye pamba ndani likilowa, nyuzi huvimba na kuziba vitundu vya sindano. Mara ya kwanza lilivuja kwenye mshono, mara ya pili halikuvuja. Zipu zote nilizipaka mshumaa.

Kilichonichosha zaidi ni Umarekani wake. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango umewekwa ubavu wa kulia, kwenye ukingo wa barabara yao. Kwetu ubavu huo ndio unaotazama magari yanayopita. Hakuna la kulifanyia, ila nimeweka sheria: tela halifunguliwi kando ya barabara, hata kwa mtoto anayelia kiu.

Taa pia zilimsumbua sana fundi wa umeme. Tela za Marekani mara nyingi taa nyekundu ile ile ndiyo ya breki na ndiyo ya indiketa. Gari zetu za Kijapani indiketa ni ya njano, peke yake. Ukiunganisha hovyo, ukikanyaga breki indiketa inapotea. Tulizing'oa, tukafunga taa za lori dogo. Vifaa vya ndani vilikuwa vya volti 120 na umeme wetu ni 230, nikavitoa vyote kabla mtu hajavichoma, nikabakisha betri ya volti 12, paneli ndogo ya sola na taa mbili. Jiko la gesi nalo nililitoa. Mipira yake ilikuwa imekakamaa na, kusema kweli, kukaanga samaki ndani ya hema ni wazimu.

Lipo jambo moja dogo ambalo wengi watakuambia uliache. Tundu la kuvutia la tela lilikuwa la inchi 2, yaani milimita 50.8, na mpira wa chuma unaoingia humo, uliokuwa kwenye Hilux yangu, ni wa milimita 50. Tofauti haifiki milimita moja. Nilifunga, nikaishika ile shingo na kuitikisa, ikagonga ko-ko-ko. Sauti ile ilinitosha. Binamu yangu aliye Dubai aliniletea mpira wa inchi 2.

Na uzito. Kibati cha tela kimeandikwa kwa paundi: tupu 1,430, mwisho 2,500. Kwa kilo ni kama 649 na 1,134, kwa hiyo unabaki na kilo 485 za kila kitu, maji, magodoro, masufuria na mkungu wa ndizi utakaopewa ukweni upende usipende. Nilijiona nimeshaelewa. Siku ya majaribio nikapakia madumu sita ya maji nyuma kabisa, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi, nikashika njia ya Tunguu. Nilipofika mwendo wa 60 nikaona kwenye kioo tela linatikisa kiuno, kidogo, kisha zaidi, kisha Hilux yenyewe ikaanza kufuata. Mguu wangu ulitaka breki. Ahsante kwa dereva mmoja wa lori aliyewahi kunifundisha: nikaachia mafuta, nikashika usukani umenyooka, sikugusa breki, likatulia lenyewe. Nilisimama nikiwa nimelowa jasho, nikayahamishia madumu mbele kidogo ya ekseli. Mzigo mzito ukae hapo, na shingo ya tela ilalie gari kwa kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa langu lilivyopakiwa siku ile, hiyo ni kama gunia la mchele la kilo 50 na nusu yake. Tangu nilipopanga hivyo halijatikisika tena.

Safari ya kwanza tulikwenda Matemwe, kwenye kiwanja cha rafiki yangu. Tulipita kwa sheha, kiongozi wa eneo, kwanza kumwambia sisi ni kina nani na tutalala usiku mmoja. Dakika tano, na jioni akapita na mwanawe kutazama. Nililiegesha chini ya minazi, kivuli kizuri, upepo mzuri. Mwenye kiwanja akaja mbio: "Hapana, ndugu yangu, hiyo minazi haijaangushwa miezi miwili!" Tukahamia kwenye mivinje. Nusu saa baadaye nazi mbili zikadondoka pale pale tulipotoka, na mke wangu akanitazama bila kusema kitu.

Kwa kuhangaika na kuhama nikasahau kushusha miguu ya pembeni, ile minne inayoshikilia kasha. Shemeji yangu, ambaye si mwembamba, akapanda kitanda cha nyuma kujaribu godoro. Mbele ya tela ikainuka polepole kama ng'alawa iliyopigwa na wimbi, vikombe vya chai vikateleza kutoka mezani kwenda kwake kimoja kimoja. Watoto walicheka mpaka wakalala mchangani. Wakalibatiza Kobe, kwa sababu ya wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, na ndilo jina lake mpaka leo. Usiku ilinyesha mvua ya dakika kumi. Halikuvuja. Asubuhi tulilikunja likiwa kimaji kwa kuwa watoto walikuwa na skuli, lakini tulipofika nyumbani, kabla ya kula, nililifungua tena likauke. Hema lililokunjwa maji, siku mbili tu kwa joto letu, linaanza kunuka.

Kwa jumla, pamoja na matairi mapya, beringi, mbao na waya, nilitumia kama milioni mbili juu ya ile bei. Si rahisi, lakini si bei ya nyumba ya wageni kila safari kwa watu sita.

Basi Julai ikafika. Tulipita Jozani taratibu, kwa kuwa yale matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju ni adui wa kila kinachovutwa, tukaingia Makunduchi baada ya adhuhuri. Nililiegesha uani kwa mama mkwe, pua inatazama baharini, maana kusi mwezi huo linapiga pale moja kwa moja na ubavu wa hema hauupendi upepo. Nikashusha miguu minne. Nikazungusha winchi, watoto wa mtaa mzima wamezunguka, na paa lilipopanda wakapiga makofi. Nilijisikia kama nimeshinda mbio za ng'alawa.

Mama mkwe alitoka na bakora yake, akalizunguka, akachungulia ndani, akabonyeza godoro.

"Wanalala wangapi humu, mwanangu?"

"Sita, Mama."

"Mashaallah. Sita."

Akarudi ndani. Kabla ya magharibi gari ikasimama nje, wakateremka wageni wake wa Wete, Pemba, watu wazima watano na mtoto mmoja. Aliwapokea, akawapa maji, kisha akanijia taratibu, akanishika mkono.

"Wageni wangu watalala kwenye kijumba chako. Wewe si mgeni."

Mke wangu alijifunika uso kwa ncha ya kanga, mabega yanamtikisika. Nikamwonyesha mkubwa wao namna ya kuwasha taa na mahali zipu zinapofungwa. Saa nne usiku nilikuwa nimelala ukumbini juu ya jamvi lile lile, miguu njiani. Kusi lilivuma. Nikasikia turubai likipiga upande wa nyuma, pa, pa, pa, nikajua dirisha la nyuma hawakulifunga zipu, nikageukia ukutani.