Taa ya laki na kitu haikumtisha kibaka, saiti mira ya Fuso imemtisha

Kichochoro chetu hapa Manzese, Dar es Salaam, kina hatua 140 kutoka duka la mwisho hadi bombani. Najua kwa sababu nimezihesabu mara nyingi, nyingine nikiwa nakimbia. Ukishuka mwendokasi saa 3 usiku na mkoba wa vitambaa kama mimi fundi cherehani, hakuna njia nyingine. Mwaka mmoja kwa jirani zangu tu walipigwa roba watu wanne, na wa tano nikawa mimi. Walichukua simu na mkasi wangu wa kukatia, ule mzuri. Simu nimeshaisahau.

Kikao kikaitwa. Kwenye vikao hakukosekani mtu mmoja anayejua kila kitu, na wa kwetu akasema, "Dawa ni taa moja kubwa ya sola, basi." Tukachanga, laki na kitu ikapatikana, taa ikafungwa juu ya mlingoti wa chuma. Siku ya kwanza watoto walipiga makofi. Siku ya nne kijana wa bodaboda akakabwa hatua thelathini kutoka taa hiyohiyo.

Nikaona nichunguze mwenyewe. Nikamvalisha mdogo wangu fulana nyeusi, nikamwambia akasimame popote kwenye kona, nami nije natokea upande wa taa. Nikatembea macho yangu yote mawili, nikapita kona nzima, sikumwona. Akakohoa sikioni mwangu. Ukunga nilioupiga uliwatoa majirani na miiko ya ugali mikononi, na mpaka leo kuna mtoto ananiita Mama King'ora. Lakini nilielewa. Taa kali inakutia kiwi: ukitoka kwenye mwanga wake kivuli kinakuwa cheusi kuliko kama isingekuwepo, na wewe mwenyewe unaonekana kama bwana harusi jukwaani. Kibaka anakuchagua taratibu.

Usiku uliofuata nikawakusanya kina mama saba tukapita wote, kila mmoja aseme wapi moyo unamlipuka. Wote saba tulisimama palepale: kwenye michongoma ya mzee mmoja, iliyokuwa imepita kichwa cha mtu.

"Shikamoo mzee. Tunaomba tupunguze mchongoma."

"Marahaba. Huo ndio ukuta wangu, mwanangu. Mwizi haruki miiba."

"Haruki, mzee. Anakaa nyuma yake."

Alicheka, lakini ilichukua wiki tatu na kilo mbili za sukari kabla hajakubali ikatwe hadi kiunoni. Tukatoa na bati moja lililoziba upenyo kati ya nyumba mbili, mtu akikutana na shari awe na pa kutokea. Yule mjuaji alikuwa anataka geti kila upande! Ukifungiwa ndani na kibaka, geti linamlinda nani?

Taa kubwa tuliiuza kwa hasara. Badala yake kila baraza ikafungwa balbu ya wati 9, chini ya paa, mwanga umwagike njiani na usoni mwa anayekuja. Mimi shida yangu ilikuwa moja: nimtambue mtu sura kabla hajanifikia. Wenye nyumba walilia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nikawapigia hesabu kwa chaki ya kitambaa ukutani: wati 9, saa 12 kwa usiku, mwezi mzima haifiki hata uniti 4. Wakanyamaza. Mmoja bado anazima saa 5, tunamjua.

Kona yenyewe ndiyo ilibaki mtihani, maana nyumba haihamishwi. Hapo ndipo najisifu, mnisamehe. Nilikuwa nimepanda daladala nyuma ya Fuso, nikamwona dereva wake mzima mzima kwenye saiti mira. Kama namwona yeye bila kumfikia, si nitaona na kona! Kesho yake nikaenda maduka ya spea za magari mtaa wa Gerezani, nikanunua kile kioo kilichobinuka, kile kinachoonyesha upana, kwa bei ambayo nikimwambia mume wangu atasema nimepigwa. Tukakifunga juu ya ukuta. Sasa kabla hujakata kona unaona kama kuna mtu, na kibaka naye anajua ameonekana.

Chini ya kioo tukampa nafasi mama chapati, aliyekuwa anagombania kivuli kule barabarani. Anafunga saa 4 usiku. Wazee wa kahawa wakamfuata, na drafti ikafuata kahawa. Benchi lao ndilo lile tuliloambiwa zamani tuling'oe kwa sababu eti vijiwe huleta wahuni.

Nikawa natembea kifua mbele kwa ugunduzi wangu wa kutembeza kina mama usiku, hadi bibi mmoja wa mtaani akanikata maini: "Sisi tulitembezwa hivyohivyo, hapahapa Manzese, wewe ukiwa shule." Kumbe kweli. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ilianza mpango wake wa miji salama 1996, Dar ikawa kati ya miji ya mwanzo, na kata yetu ikafanyiwa majaribio ya wanawake kukagua njia zao. Nilimuuliza mbona hakusema kwenye kikao. "Mlikuwa mnashangilia taa," akasema.

Kioo kimeibwa mara moja. Cha pili kimechomelewa na nondo, na asubuhi ni foleni ya wanafunzi wa kike wanaorekebisha ushungi.