Jinsi nilivyoondoa uchungu kwenye kinoa

Kwa wiki mbili nilipika kinoa, punje ndogo zinazopikwa kama wali, hapa mtaani Umoja na kila sufuria ilikuwa chungu. Mama alionja kijiko kimoja akasukuma sahani. Niliongeza chumvi, kitunguu na dhania, bure. Nikailoweka usiku kucha, asubuhi nikaipika kwa maji yaleyale. Uchungu ukabaki.

Shida ni saponini, kemikali ya asili inayofunika punje na kuikinga dhidi ya ndege na wadudu. Ikitikiswa majini hutoa povu kama sabuni, na jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini la sabuni.

Kilichonisaidia ni kusugua. Nilitandika kitambaa cha pamba ndani ya chujio, maana punje ni ndogo na hupenya matundu. Nikamwaga vikombe viwili, nikatia maji baridi, nikasugua kwa viganja kama ninayefua kola ya shati. Povu jeupe likajaa. Nikamwaga, nikarudia. Mara ya nne maji yalikuwa maangavu, lakini sikuyaamini macho: nilitafuna punje mbichi moja, bado chungu kidogo. Nikasugua mara ya tano, nikaonja tena, safi. Ndipo nikabandika jikoni kwa maji mapya.

Maji hayo ya povu usiyamwage kwenye bwawa au ndoo ya samaki. Saponini huharibu mashavu yao ya kupumulia, ndiyo maana mimea yenye saponini imetumika tangu zamani kuvulia samaki.

Jana mama aliomba kuongezewa.