Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Kuondoa Harufu Mbaya Katika Kiyoyozi cha Gari

Uchunguzi wa mwanzo

Gari hili hutoa harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi kila kiyoyozi kinapowashwa. Baada ya dakika chache harufu hufifia, kisha hurudi kwa nguvu ninapozima kiyoyozi na kuiacha feni izunguke peke yake. Tabia hiyo inaelekeza kwenye evaporeta, kifaa cha aluminiamu kilichofichwa nyuma ya dashibodi, ambacho hupoa hadi kukaribia nyuzi 0 za Selsiasi na kuufanya mvuke uliomo hewani ugeuke matone ya maji juu ya mapezi yake membamba. Matone hayo yakikaa gizani pamoja na vumbi, kuvu na bakteria hupata kila wanachohitaji, na feni inapoanza kuyakausha mapezi, harufu yao huingia moja kwa moja ndani ya gari.

Kabla ya kufungua chochote nilihakikisha kwamba sishughuliki na tatizo la aina nyingine. Harufu tamu inayoambatana na utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele kwa kawaida hutokana na kuvuja kwa rejeta ndogo ya hita, na maji yake huwa na kemikali ya ethilini glaikoli, ambayo ni sumu. Harufu ya petroli, ya waya unaoungua au ya moshi wa injini haisubiri usafi hata kidogo: gari linapaswa kusimamishwa na kupelekwa kwa fundi, hasa kwa kuwa moshi huo hubeba monoksidi ya kaboni, gesi inayoua na ambayo yenyewe haina harufu yoyote.

Jumamosi, asubuhi

Nimeanza na chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi hukaa nyuma ya kisanduku cha kuwekea vitu mbele ya kiti cha abiria. Lilikuwa jeusi na lenye unyevunyevu. Nimeweka jipya lenye tabaka la mkaa ulioamilishwa, yaani mkaa uliotayarishwa ili unase harufu, nikifuata mshale unaoonyesha upande ambao hewa inaelekea. Chujio la karatasi halifai kuoshwa na kurudishwa, kwani nyuzi zake huharibika na unyevu unaobaki ndani yake ni chakula kingine cha kuvu. Nimeondoa pia majani yaliyooza chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo hewa ya nje huingilia. Harufu imepungua, lakini ipo.

Jumamosi, mchana

Hapa ndipo mradi ulipopata sura yake halisi. Kiyoyozi kinachofanya kazi vizuri siku yenye unyevu hudondosha maji chini ya gari, na watu wengi huyaona maji hayo wakadhani kuna kitu kinavuja, ilhali kinachopaswa kututia wasiwasi ni kutoyaona. Chini ya gari hili palikuwa pakavu. Nilipoinua kapeti upande wa miguu ya abiria, sifongo iliyo chini yake ilikuwa imelowa: maji ya evaporeta yalikosa njia ya kutoka nje, yakamwagikia ndani.

Mrija wa kutolea maji hayo hutokeza kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, mara nyingi ukiwa na ncha ya mpira inayoelekea chini. Nimeuzibua kwa mpira mwembamba, laini, nikiusukuma polepole na kusimama kila ulipogoma, kwa sababu evaporeta iko karibu na waya mgumu unaweza kuitoboa, na hapo gesi yote ya kiyoyozi itapotea. Limetoka tope zito, likafuatiwa na maji mengi yenye harufu ileile niliyokuwa nikiitafuta. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kapeti na sifongo yake nimevitoa vikauke nje.

Jumapili

Leo nimesafisha evaporeta yenyewe kwa povu lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Injini ikiwa imezimwa, nilitoa rezista ya feni, kifaa kidogo kinachodhibiti kasi yake, nikapitisha mrija wa kopo kwenye tundu lake na kulielekeza povu kwenye mapezi, kisha nikaliacha kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Povu hilo hugeuka maji na kushuka na uchafu kupitia mrija uleule niliouzibua jana. Kulipuliza wakati mrija umeziba kungeyamwaga yote kwenye sakafu. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu. Baadaye nilirudisha rezista, nikafungua milango yote na kuwasha feni kwa kasi ya juu pamoja na hita.

Sikutumia dawa ya klorini, kwa sababu hula aluminiamu na mvuke wake hudhuru mapafu. Mashine ya kutoa gesi ya ozoni pia nimeiacha. Ozoni inaweza kuua vijidudu, lakini haiondoi tope wala haizibui mrija, na huudhi njia za hewa na kuchakaza mpira. Kuhusu manukato ya kuning'iniza, msimamo wangu ni kwamba hayana nafasi katika kazi hii, kwani huficha dalili inayotueleza kuwa kuna maji yasiyopata pa kutokea.

Katikati ya wiki

Harufu haijarudi. Sasa, dakika chache kabla ya kufika niendako, ninazima kiyoyozi, ninaiacha feni ikiendelea na ninafungua hewa ya nje, ili mapezi yakauke kabla gari halijafungwa. Kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ninakitumia penye vumbi au moshi tu, kwa sababu kikiachwa muda wote, unyevu wa pumzi za abiria hubaki humo humo.

Kazi iliyobaki

Sifongo ya kapeti bado ina ubaridi katikati, hivyo sitairudisha hadi ikauke kabisa. Kuifunika sasa kungeanzisha chanzo kipya cha harufu nje ya mfumo wa kiyoyozi. Nikiirudisha, nitawasha kiyoyozi gari likiwa limesimama na kuchungulia tena chini yake kama maji yanadondoka.