Usiku nilipouawa kwa jina la mtu mwingine

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, mwaka tulioigiza Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare kuhusu kuuawa kwa mtawala wa Roma, kwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Wenzangu walipata nafasi za kuchoma visu na kuhutubia. Mimi nikapewa Cinna mshairi, ambaye huonekana mara moja tu, na mara hiyo hiyo anauawa.

Kisa chake ni kifupi. Antony, rafiki wa Kaizari, amekwisha hutubia mbele ya maiti yake na mji umewaka. Cinna ameota anakula karamu na Kaizari. Moyo wake mzito, hana hamu ya kutoka, lakini anatoka. Njiani raia wanne wanamzingira kwa maswali: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, umeoa au hujaoa? Anajibu yote. Anakwenda mazishini, tena kama rafiki wa marehemu. Anakaa karibu na Kapitoli. Hajaoa. Anaitwa Cinna.

Bahati mbaya, miongoni mwa waliomwua Kaizari yumo Cinna mwingine.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliyakazania sana maswali yale. Aliwaambia wenzangu waniulize kama watu waliomkamata mgeni mtaani usiku, kila mmoja akidaka neno kabla mwenzake hajamaliza. Hakuhitaji kueleza zaidi. Sote tulikua tukisoma magazetini kwamba fulani ameitiwa mwizi na kuuawa na "wananchi wenye hasira kali", habari ya mistari michache, jina la marehemu halijafahamika.

Tulicheza bwaloni, tumejifunga mashuka ya bweni begani kama Warumi. Nikapaza sauti: mimi ni Cinna mshairi, siye yule wa njama! Hapa ndipo panaponiumiza mpaka leo. Watu wengi hudhani Cinna aliuawa kwa kufananishwa. Hapana, walimsikia vizuri. Mmoja akasema basi auawe kwa mashairi yake mabaya, na bwalo zima likacheka. Mwingine akasema haidhuru, jina linatosha. Wakanivamia. Fundo la shuka likanikaba shingoni, na pua yangu ikajaa harufu ya mafuta ya taa kutoka kwenye vile vijinga vya kwenda kuchomea nyumba ya Brutus, kiongozi wa waliomwua Kaizari.

Mara kijana mmoja wa kidato cha kwanza akapanda juu ya benchi. "Siye huyo! Mwacheni, siye huyo!" Alikuwa analia kweli. Waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Mikono iliyonishika ikalegea, mpaka mwalimu alipowaashiria waendelee, nami nikaburutwa nje.

Baada ya mchezo akanifuata. "Kaka, Antony aliambiwa kwamba wamemwua rafiki wa Kaizari?"

Nikamfungulia kitabu. Onyesho linalofuata, Antony na wenzake wawili, Octavius na Lepidus, wameketi na orodha, wanatia alama majina ya watakaouawa. Lepidus anakubali ndugu yake auawe, Antony anakubali mpwa wake auawe. Cinna hatajwi. Kijana alifuata mistari kwa kidole mpaka chini ya ukurasa, akafunua na wa pili. Sikumwambia, kwa sababu sikujua wakati ule, kwamba Plutarch, mwandishi wa kale wa Kiyunani, naye alimwandika mshairi huyo, rafiki wa Kaizari aliyeuawa na umati mwaka 44 KK kwa ajili ya jina lake.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunarudia mchezo kwa ajili ya wazazi. Kijana yule akamwendea mwalimu, akaomba aingizwe kwenye kundi la raia ili naye aseme maneno yake. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba Shakespeare ameandika raia wanne, na hakuna hata mmoja anayekataa.

"Ndiyo maana naomba kuingia, mwalimu."

Hakuruhusiwa. Nilimheshimu sana mwalimu yule, lakini naona alipaswa kumruhusu.